Unaenda Same kuuliza wakulima habari za mvua? Soma hii kabla hujakata tiketi

Kila mwaka ikikaribia miezi ya kwenda fildi napata meseji zilezile kutoka kwa madogo wanaosoma jiografia, "kaka nisaidie dodoso", "kaka nina topiki ya athari za mabadiliko ya tabianchi kwa wakulima wadogo wilaya ya Same, nianzie wapi?", na jibu langu siku zote ni moja, anza kwa kuifuta hiyo topiki. Sio roho mbaya. Ni kwamba jibu lake unalo tayari kabla hujatoka hosteli: mvua zimepungua, mavuno yameshuka, wakulima wanahangaika, serikali itoe elimu. Chapta ya tano umeshaimaliza, sasa nauli ya kwenda Same ni ya nini?

Nitaelezea kwa kutumia Same hiyohiyo, kule mkoa wa Kilimanjaro, kwa sababu nimezunguka kule, na kwa sababu ni sehemu inayodanganya watafiti vizuri sana. Ukiweza kufanya risechi ya mvua na wakulima pale ukatoka salama, Dodoma, Kishapu na hata ng'ambo kule Taita, Kenya, utafanya.

Hatua ya 1: Punguza swali mpaka liwe na uwezo wa kukukatalia

Kwanza elewa ardhi yenyewe. Una Milima ya Upare Kusini, juu kabisa kuna kilele cha Shengena mita 2,462 na msitu wa Chome, kule kuna ukungu, migomba, baridi ya kuvaa sweta. Ukishuka upande wa magharibi unakutana na tambarare kavu ambako ndiko barabara kuu ya Dar kwenda Moshi na Arusha inapita, miti ya miiba, mkonge, vumbi. Umbali kutoka baridi mpaka vumbi ni mwendo wa boda tu. Chukua bonde moja dogo, la Makanya: Vudee iko juu, Bangalala iko katikati, Makanya yenyewe iko chini barabarani. Sasa ukiandika "wakulima wa Same" umemweka kwenye kapu moja mtu wa juu anayeona mvua inanyesha kwenye migomba yake na mtu wa chini ambaye shamba lake linasubiri mto ufurike utokee mlimani uje umwage maji na tope kwenye mahindi. Huyu wa chini, na hapa ndipo wengi wanapopotea, mvua yake hainyeshi kwake. Inanyesha kwa jirani wa juu. Unaweza kumkuta anakuambia mwaka ule mvua ilikuwa nzuri sana na kipimo cha mvua kilicho karibu naye kinaonyesha milimita chache za kuliza.

Kwa hiyo swali liwe dogo, lenye mahali na lenye msimu. Mfano: je, vuli ya Bangalala inachelewa kuanza kuliko ilivyokuwa miaka ya 80 na 90, na kama inachelewa, watu wamesogeza tarehe ya kupanda? Au: maji yanayofika mashamba ya Makanya yamepungua kwa sababu ya mvua au kwa sababu ya matumizi ya huku juu? Yote mawili yanaweza kukujibu "hapana", na hicho ndicho unachokitafuta. Swali lisiloweza kukujibu hapana hilo sio swali, ni maoni yako umeyawekea alama ya kuuliza.

Chagua na msimu kabisa. Kule kuna vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei, na hizi ni mvua mbili zenye tabia tofauti. Vuli inavutwa sana na bahari ya Hindi, maji ya upande wetu wa pwani yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia vuli inakuja na hasira, ndio ile ya 1997, ya 2019 na ya 2023. Masika haifuati huo mchezo kwa kiasi hicho. Ukizijumlisha pamoja ukachora "mvua ya mwaka" umechanganya chai na mchuzi.

Hatua ya 2: Soma mvua ya kwenye karatasi kabla hujasikiliza ya mdomoni

Wengi wanafanya kinyume, wanaenda fildi kwanza halafu wakirudi ndio wanatafuta data ya mvua ya kubandika kwenye chapta ya nne ili ikubaliane na walichoambiwa. Tafuta kwanza, uende fildi ukiwa na grafu kwenye begi, utauliza maswali mazuri zaidi mara mia.

Data zipo za aina mbili. Za chini ni za vipimo, za Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), wana kituo Same mjini, na unaomba kwa barua ya chuo, anza mapema kwa sababu barua zina safari zake. Usiishie hapo. Bodi ya Maji Bonde la Pangani iko Moshi nayo inahusika na maji ya eneo lote hilo. Na pia kuna vipimo ambavyo havipo kwenye mtandao wowote, misheni za zamani, mashamba ya mkonge, shule, ofisi za kilimo, mtu amekuwa akiandika milimita kwenye daftari kila asubuhi saa tatu kwa miaka na hakuna aliyewahi kumuuliza. Ukimpata mtu wa hivyo mheshimu, piga picha kurasa zote, na jina lake usilitaje kwenye ripoti mpaka akuruhusu.

Za juu ni za satelaiti. CHIRPS, hifadhi ya makadirio ya mvua, ni bure, inaanza 1981, kila pikseli (kimraba kimoja cha ramani) ina upana wa kama kilomita 5, unaweza kuivuta kupitia Google Earth Engine, mtambo wa Google wa kuchakata data za satelaiti mtandaoni, hata kwa bando la kawaida kwa sababu kazi inafanyika kwao wewe unashusha jedwali tu. Wanafunzi wengi naona wanakimbilia NASA POWER, tovuti ya NASA ya data za hali ya hewa, kwa sababu unabofya ramani unapata Excel, ni sawa, ila jua pikseli yake kwa data za hali ya hewa ina kama kilomita 50. Kilomita 50 pale Same zinameza mlima, tambarare ya upande huu na tambarare ya upande wa pili, halafu wewe unaandika "mvua ya kijiji cha Bangalala". Hata kilomita 5 za CHIRPS kwenye miteremko ile zinachanganya. Na kitu kingine, CHIRPS inatengenezwa kwanza kwa vipindi vya siku tano ndipo inagawanywa kuwa ya kila siku, kwa hiyo kwa jumla ya mwezi au msimu iamini kiasi, kwa kuhesabu siku za ukame katikati ya msimu ilinganishe na kipimo halisi kwanza. Chukua miaka ambayo unazo zote mbili, chora moja kwa nyingine, uone zinaongea lugha moja au la.

Kabla ya hesabu yoyote, safisha. Na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimeona tasnifu zikianguka kwa vitu vidogo.

Nafasi tupu sio sifuri. Siku ambayo msomaji wa kipimo alikuwa msibani na siku ambayo haikunyesha ni vitu viwili, Excel ukiiacha inaweza kukujazia sifuri na ghafla una ukame wa mwezi mzima mwaka 1992. Angalia Jumatatu pia. Kituo ambacho hakisomwi wikendi kitakuonyesha Jumamosi kavu, Jumapili kavu, Jumatatu mvua kubwa, miaka nenda rudi. Mimi nilikaa wiki nzima nafurahia "ongezeko la mvua kubwa" mpaka rafiki yangu mmoja wa takwimu akaniuliza, hivi huko kwenu Mungu ananyeshea Jumatatu tu?

Baada ya hapo usihesabu jumla peke yake. Hesabu vitu vinne: jumla ya msimu, idadi ya siku zenye angalau milimita 1, tarehe ya kuanza msimu, na kipindi kirefu kuliko vyote cha ukame ndani ya msimu. Kuanza kwa msimu kuna vipimo vingi, kinachotumika sana ni siku ya kwanza ambapo unapata milimita 20 ndani ya siku tatu na kisha kusipite ukame wa zaidi ya siku 10 ndani ya siku 30 zinazofuata. Kile kipande cha pili ndicho cha maana, kinatofautisha mvua ya kupandia na mvua ya kudanganya, ile inayonyesha mara mbili, watu wanapanda, mbegu zinachipua halafu zinakaangwa.

Kwa nini nasisitiza mgawanyo? Tuseme msimu mmoja umepata milimita 240 kwa mvua 12 za milimita 20, mwingine umepata 240 hizohizo kwa mvua nne za milimita 60. Jumla ni ileile, kwenye grafu yako ni nukta mbili zimelingana kabisa. Shambani msimu wa kwanza mtu kavuna na wa pili maji yameporomoka korongoni na udongo wake, halafu mahindi yametoa mbelewele kwenye jua la wiki tatu, hamna kitu. Kwa hiyo usije ukashangaa ukikuta wakulima wote wanasema mvua zimepungua na mstari wako wa jumla haujashuka popote.

Kwa mwelekeo wa miaka watu wanatumia Mann-Kendall (kipimo cha kama mwelekeo upo kweli) na mteremko wa Sen (unaokuambia kasi yake), programu za bure zipo kwenye R na Python, mtu yeyote mwaka wa tatu anaweza. Lakini angalia mwanzo na mwisho wa data yako. Ukianza 1997 na El Nino yake, chochote kinachofuata kitaonekana kinashuka. Ukimalizia 2019 au 2023, kila kitu kitaonekana kinapanda. Chukua angalau miaka 30, jaribu kukata miaka miwili mitatu kila upande uone kama jibu linabaki, likigeuka sema wazi kwamba linageuka. Wasahihishaji wanapenda kitu hicho kuliko unavyodhani.

Hatua ya 3: Vibali

Hii ni fupi ila usiiruke. Mwanafunzi wa Kitanzania kwa kawaida anapata barua ya kibali kupitia chuo chake, mgeni anapitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, wenzetu wa Kenya wana tume yao ya NACOSTI, na Zanzibar wana utaratibu wao usije ukaenda Pemba na barua ya bara ukategemea kupokelewa. Barua inashuka ngazi kwa ngazi: mkoani kwa Katibu Tawala, wilayani, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, mpaka mwenyekiti wa kitongoji. Tenga siku tatu nne za kuzunguka ofisini, na uwe na kopi nyingi, kila ofisi itabaki na moja. Ofisi moja nilirudi mara tatu kwa sababu anayegonga muhuri alikuwa semina. Hiyo siku ya tatu nilikaa kwenye benchi na mzee mmoja aliyekuja na kesi ya mfereji, na kwa saa mbili nikajifunza siasa za maji za kata ile kuliko nilivyosoma kwenye makala kumi. Kwa hiyo ukiwa kwenye benchi weka simu mfukoni.

Hatua ya 4: Dodoso lisiwe na neno tabianchi

Hili najua supavaiza wengine hawatalipenda. Ukimuuliza mkulima "je, umeona athari za mabadiliko ya tabianchi?" atakujibu ulichotaka kusikia, kwamba ndiyo, na sababu ni watu wanakata miti. Redio imeshasema, semina imeshasema, mradi uliopita umeshasema. Hapo hujapima uzoefu wake, umepima kama redio yake ina betri.

Uliza vitu alivyofanya kwa mikono yake. Mwaka jana vuli ulipanda wiki gani? Ulirudia kupanda? Mbegu gani, ya siku ngapi? Ulipoanza kulima shamba hili ulikuwa unapanda lini? Ni mwaka gani ulivuna mpaka ukakosa pa kuweka, na mwaka gani hukuvuna kabisa? Hapo ndipo kumbukumbu inakuwa kitu cha kupimika.

Tatizo ni kwamba watu hawakumbuki miaka kwa namba, na wewe pia hukumbuki, niambie mvua ilikuwaje 2013. Tengeneza kalenda ya matukio kabla ya kwenda. Vita vya Kagera 1978 na 1979, kuzama kwa MV Bukoba Mei 1996, El Nino ya 1997 na 1998, kifo cha Mwalimu Oktoba 1999, mgao mkali wa umeme 2006, ukame wa 2021 na 2022 ulioua mifugo mingi kaskazini, kifo cha Magufuli Machi 2021. Ongeza za kijijini kwenyewe, mwaka shule ilipoezekwa, mwaka daraja liliposombwa, mtoto wake wa kwanza alipozaliwa. Bibi mmoja hakujua mwaka wowote lakini alijua kwamba njaa ile alikuwa na mimba ya mtoto wake wa tatu, na mtoto wa tatu alikuwa pale nje anatengeneza pikipiki, tukamwita na kadi yake ya NIDA, mwaka tukaupata.

Lugha nayo. Kiswahili wote wanaongea, lakini wazee wakichangamka wanaingia Chasu, yaani Kipare, na maneno ya mvua, ya udongo na ya maji yako huko. Tafuta msaidizi wa palepale anayeongea Chasu, mlipe vizuri, na msome dodoso pamoja swali kwa swali kabla ya kuanza, usikubali atafsiri papo kwa papo anavyojisikia.

Jaribisha kwa watu watano sita kijiji cha jirani kwanza. Likizidi dakika 30 likate. Maswali ya mwishoni ya dodoso refu yanajibiwa na uchovu.

Hatua ya 5: Kijijini

Idadi ya kaya. Kila mtu anatumia ile fomula ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli, sawa, kaya 1,200 na kosa la asilimia 10 inakupa kama 93, na ukitaka asilimia 5 inakupa 300, angalia bajeti yako uamue bila kujidanganya. Kilicho muhimu kuliko fomula ni unawapataje hao 93. Ukimwachia mwenyekiti akuletee watu atakuletea ndugu zake, wajumbe wa kamati na wakulima bora waliozoea wageni. Omba orodha ya kaya kwa vitongoji, piga kura ya namba, halafu fuata namba hata kama nyumba iko bondeni kabisa. Nyumba ya bondeni kabisa ndiyo inayokunywa maji ya mwisho.

Fika asubuhi au jioni, mchana watu wako shambani au wamelala kwa jua. Salimia kwa kirefu, shikamoo ziwe nyingi, kaa ulipoonyeshwa. Eleza wewe ni mwanafunzi, huna mradi, huna mbegu, huna msaada, na atakayesikia hivyo akaamua kuendelea na kazi zake mwache aende, ndio maana ya ridhaa. Lile bonde limetafitiwa miaka mingi, utaulizwa "na nyinyi mnaandika tu mnaondoka?", usijitetee, ni kweli. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, majina na namba za simu za watu zikae kwenye faili tofauti na majibu yao, sio kwenye Excel unayowatumia wenzako WhatsApp.

Wanawake wahoji peke yao. Kwenye kikundi cha mchanganyiko mwanaume atakuambia maji yapo, mwanamke atakaa kimya, ukimfuata pembeni atakuambia anaamka saa kumi usiku kuwahi foleni ya bomba. Vijana nao usiwaruke eti hawajui mambo ya zamani, waulize kwa nini hawalimi. Pale Makanya kuna machimbo ya jasi, kuna mkonge, kuna barabara kuu ya kuuzia vitu, kijana aliyeacha jembe hakukimbia mvua lazima, pengine kapiga hesabu tu.

Sasa nifike kwenye lililonipata, kwa sababu bila hili mwongozo huu nisingeuandika. Siku za kwanza nilikuwa nauliza mvua, mvua, mvua, na kila mtu wa chini alinijibu imepungua, nikafurahi, data zinakubaliana. Siku moja mzee mmoja akanipeleka kunionyesha "mvua ilivyopungua", nikajua ananipeleka shambani. Akanipeleka kwenye mfereji. Mkavu. Akasema unaona? Zamani ulikuwa unafika hapa. Nikauliza na mvua je? Akasema, si ndiyo hii nakuonyesha.

Yaani yeye na majirani zake, nikiwauliza mvua, walikuwa wananijibu kuhusu maji. Siku iliyofuata nikaufuata ule mfereji kupanda juu kwa miguu, na huko juu nikakuta mabomba mapya ya plastiki, mashine ya kusukuma maji, bustani za nyanya na vitunguu ambazo miaka kumi na tano nyuma, kwa maelezo ya wenyewe, hazikuwepo. Mvua inaweza kuwa imebadilika na inaweza kuwa haijabadilika, lakini mfereji ule ulikuwa na watu wengi zaidi kabla ya kumfikia yule mzee. Ilibidi nirudie kaya zote nilizokuwa nimemaliza, nikitenganisha swali la mvua inayoanguka na swali la maji yanayofika. Nauli mara mbili.

Kwa hiyo hii iwe sheria kwako: tembea na maji. Anzia chini upande juu, au shuka, siku nzima, na mtu wa kamati ya maji. Kule Upareni kuna ndiva, mabwawa madogo ya asili yanayokusanya maji ya kijito usiku ili asubuhi yafunguliwe mashambani kwa zamu, zamani yakisimamiwa na koo na sasa kwa sehemu nyingi na kamati. Kaa nao siku ya zamu. Uliza zamu zilikuwa ngapi kwa wiki na sasa ngapi, nani anaanza, nani akikosa anakosa kabisa, faini ni nini, lini mara ya mwisho mtu alifungua usiku kwa wizi. Chukua GPS ya kila toleo la maji, hata simu inatosha. Ramani hiyo peke yake ni tasnifu, na wengi hawaichori kwa sababu dodoso halina kisanduku cha kutembea.

Mambo madogo: tumia KoboToolbox, programu ya kujazia dodoso kwenye simu, inafanya kazi bila mtandao, ila tuma fomu kila jioni ukipata minara. Simu yangu iliwahi kuzima na fomu 11 ndani yake, zikapotea. Pawabenki mbili, daftari la karatasi hata hivyo, viatu vya kufunga.

Hatua ya 6: Weka mdomo na karatasi meza moja

Ukirudi chora jedwali moja refu, kila mstari ni mwaka. Safu ya kwanza jumla ya vuli, ya pili tarehe ya kuanza, ya tatu ukame mrefu, ya nne watu wangapi walisema mwaka mzuri, ya tano wangapi walisema mbaya. Halafu angalia miaka ambayo havikubaliani. Hiyo ndiyo dhahabu yako, sio kasoro. Usikimbilie kuandika "wakulima hawana kumbukumbu sahihi", wala usiandike "data za satelaiti hazina ukweli wa mkulima", vyote viwili ni uvivu.

Pitia sababu moja moja. Jumla ilitosha lakini iligawanyika vibaya? Joto lilikuwa kali hivyo udongo ukakauka haraka zaidi hata kwa mvua ileile? Maji yalikatwa juu? Walipanda mbegu ya siku 120 kwenye msimu unaoruhusu 90? Shamba limegawanywa kwa watoto wanne, udongo umechoka, kwa hiyo hata mvua nzuri haileti gunia za zamani? Bei ya mahindi ilianguka mwaka huo na mtu anakumbuka shida, sio ukame? Kila moja ina namna ya kuipima au angalau kuiuliza, na ukikosa ya kupimia, andika kwamba hukuipima.

Picha za satelaiti za uoto ukitaka kuongeza, ongeza, ila linganisha mwezi kwa mwezi uleule. Nimesahihisha kazi ya mtu aliyeweka picha ya satelaiti ya Landsat ya Januari 1995, baada ya vuli, kila kitu kijani, na ya Septemba 2020, kiangazi, kila kitu kahawia, akaandika uoto umepotea kwa kasi ya kutisha. Na picha za Landsat 7 kuanzia mwisho wa Mei 2003 zina mistari mitupu kwa sababu ya kifaa kilichoharibika, sio korongo hilo.

Hatua ya 7: Kuandika na kurudisha

Anza na chapta ya matokeo, sio utangulizi. Utangulizi wa mabadiliko ya tabianchi duniani ukurasa mmoja unatosha, msahihishaji ameshausoma mara mia nne. Weka ramani uliyochora mwenyewe kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, yenye kipimo na mshale wa kaskazini, maana ukinyang'anywa alama kwa mshale utajilaumu. Nukuu za watu ziache na ladha yake, usiwafanye waongee kama ripoti ya wizara. Sentensi ya "mabadiliko ya tabianchi yamesababisha" kila ukiiona kwenye kazi yako isimamishe uiulize imejuaje.

Ikishapita, toa ukurasa mmoja wa Kiswahili, grafu moja kubwa, ramani ya mfereji, bila majina ya watu. Nakala ofisi ya kijiji, nakala kwa afisa ugani, nakala kwa kamati ya ndiva. Kama huna nauli ya kurudi mtumie msaidizi wako kwa WhatsApp akaprinti, mtumie na hela ya kuprinti. Na mwenyekiti akikuambia usome mbele ya mkutano jiandae, watu wa juu na watu wa chini watakuwa wamekaa chumba kimoja, anza na grafu ya mvua kwanza ndipo ufikie ramani ya mfereji, ukianza na ramani hutafika kwenye grafu.